Nusura nigawe jina la kikundi cha mama mdogo kwa jamaa wa "nina tenda serikalini"

Leo sina ubuyu wa staa yeyote. Leo ubuyu ni wangu mwenyewe, na nimekaa nao moyoni muda mrefu. Majina yote nayaweka kapuni, la taasisi pia, maana lengo langu siyo kumchafua mtu. Aliyechafuka kwenye hii stori zaidi ya wote ni mimi.

Tuanze na jamaa. Nyie wa Dar mnawajua hawa. Anakaa baa kavaa shati jeupe limenyooka, simu mbili mezani, ukimuuliza unafanya kazi gani anakujibu taratibu, "Nina tenda tenda serikalini." Hasemi tenda ya nini. Hasemi wapi. Na sisi wadada tukisikia tenda tunaona nyumba, tunaona gari, tunaona safari ya Zanzibar. Mimi nilimpata wa aina hiyo, na kiukweli hakuwa muongo. Alikuwa anauza samani na vifaa vya ofisi kwa taasisi za umma, ana kampuni yenye TIN na leseni, ana Crown nyeupe. Tulikuwa tumefikia hatua ya kutambulishana kwa ndugu.

Mimi mwenyewe nina steshenari ndogo. Kompyuta mbili, printa moja, mashine ya fotokopi inayokwama kila mwezi. Nachapa barua za maombi ya kazi, naskani vyeti, najaza fomu za watu mtandaoni. Ndiyo maisha.

Sasa siku moja mwanzoni mwa 2024 akaja mama mdogo. Huyu ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la tatu, mama alipofariki. Ana cherehani barazani kwake, na wenzake wanne wameungana naye wakaunda kikundi. Wanashona sare za shule, mapazia, mashuka, chochote. Mdogo kwenye kikundi ana miaka 29, mkubwa ni bibi mmoja wa miaka 63 ambaye akikata kitambaa hatumii hata chaki.

Akaniambia, "Mwanangu, wewe si unajua kompyuta? Tumesikia kwenye kikao cha mtaa kwamba serikali inatakiwa itupe kazi wanawake. Asilimia 30. Hebu tuangalizie."

Mie nikacheka kimoyomoyo. Nilikuwa naamini tenda ni za wenye mtu wao ndani. Lakini nikaangalia, na kumbe mama mdogo alikuwa sahihi kuliko mimi msomi. Sheria ya Ununuzi wa Umma inataka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa ajili ya makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Halikuanza jana hilo, lilikuwepo kwenye sheria ya zamani, na sheria mpya ya 2023 imelibeba. Wenzetu Kenya nao wana mpango wao unaitwa AGPO tangu 2013, asilimia ni hiyo hiyo 30. Na tangu 2023 zabuni za hapa kwetu zinapita kwenye mfumo wa mtandaoni unaoitwa NeST. Yaani tangazo liko humo, unaomba humo, unajibiwa humo.

Hapo ndipo nikaelewa kwa nini mama mdogo alikuja kwangu. Zamani kikwazo kilikuwa kumjua mtu. Sasa kikwazo cha kwanza kilikuwa kujua kutumia kompyuta.

Nikawasajili. Tukahangaika na vitambulisho vya NIDA, TIN ya kikundi, leseni, kutambuliwa na afisa maendeleo ya jamii. Mtandao unakatika, tunaanza upya. Mama mdogo hana barua pepe, nikatumia yangu. Namba ya simu ya kupokea ujumbe wa mfumo, nikaweka yangu. Nywila nikaiandika nyuma ya daftari la mauzo. Nilijiona nimefanya jambo la maana sana. Shikeni hapo kwenye barua pepe na nywila, tutarudi.

Miezi mitatu ikapita, hakuna hata tangazo moja la kushona lililotufikia. Mama mdogo kila Ijumaa anapita dukani, "Vipi, serikali imesema nini?" Namjibu bado. Siku moja nikakaa kuchunguza, kumbe kwenye kuchagua aina ya biashara nilikuwa nimeweka vitu vya huduma, wakati wao wanauza bidhaa. Miezi mitatu wanawake watano wanasubiri kwa sababu mimi nilibofya sehemu siyo. Nikarekebisha. Sikuwaambia. Niliwaambia mfumo ulikuwa na shida.

Ya kwanza kuomba ilikuwa mapazia. Tukaanguka. Sababu ilikuwa nini? Walitaka useme utaleta mzigo ndani ya siku ngapi, mimi nikaacha wazi nikijua tutaelewana baadaye. Wapendwa, serikalini hakuna "tutaelewana baadaye". Ukiacha wazi, umetoka. Bei yetu hata haikufika kuangaliwa.

Basi bwana, kipindi hicho hicho ndipo jamaa yangu akaanza kuniuliza uliza kuhusu kikundi. Wamesajiliwa kama kundi maalumu? Wako wangapi? Nani anaingia kwenye akaunti? Mie nikajua ananijali, anapenda kazi za mchumba wake.

Jumamosi moja tumekaa tunakula chipsi kuku akafunguka. Kuna tenda ya samani, kama milioni 28 hivi, imetengwa kwa makundi maalumu. Yeye hawezi kuomba. Kijana kwenye mambo haya ni miaka 18 hadi 35 na yeye alishavuka, mwanamke siyo, mzee bado. Lakini mtaji anao, karakana ya samani anaijua. Kikundi cha mama mdogo kina vigezo ila hakina mtaji wala hakijui samani. "Unaona Mungu alivyopanga?" akaniambia. Kikundi kinatoa jina, yeye anafanya kazi yote, hela ikiingia akaunti ya kikundi wanamtolea, wao wanabaki na laki tano. Bila kushika sindano. Na mimi laki mbili yangu pembeni.

Nikamwambia sawa, nitaongea na mama mdogo. Akacheka. "Mrembo, utaongea nao nini? Hata kufungua huo mfumo hawajui. Nipe nywila niombe. Tukishashinda ndiyo tunawaambia. Watasaini tu, nani anakataa laki tano?"

Sitaki mumwone shetani. Alikuwa na shida zake. Kuna sehemu alikuwa anadai hela za mzigo kwa miezi minane hajalipwa, benki inampigia kila siku, na ile Crown ilikuwa dhamana ya mkopo. Alikuwa ameapa kuwa samani zitakuwa nzuri, na huenda zingekuwa nzuri kweli. Ila nilipofika nyumbani usiku ule nilijua ninachoombwa ni nini. Ile asilimia 30 haikuwekwa ili yeye apate mlango wa nyuma. Iliwekwa ili mtu kama yule bibi wa miaka 63 naye auze kitu.

Najua mnasubiri niseme nilikataa palepale. Hapana. Kodi ya fremu ilikuwa imebaki wiki mbili, mashine ya fotokopi imekufa, na mwanaume niliyetaka anioe ananisubiri kwenye WhatsApp. Saa tano usiku nikachukua daftari la mauzo, nikapiga picha ukurasa wa nyuma, nikamtumia.

Tiki moja. Tiki mbili. Kijivu.

Nikaiweka simu chini, nikaenda kunywa maji. Narudi, bado kijivu. Nikaangalia ile picha mwenyewe. Juu ya nywila nilikuwa nimeandika kwa peni nyekundu "MAMA MDOGO NA WENZAKE, USIPOTEZE". Mwandiko wangu. Nikaifuta, kwa wote. Ikabaki ile alama ya ujumbe uliofutwa. Kisha nikafungua mfumo nikabadilisha nywila, mikono inatetemeka kama nimeiba, na ukweli ni kwamba nilikuwa nimetoka kuiba.

Asubuhi ananipigia, "Ulitaka kunitumia nini?" Nikamwambia tuongee baadaye. Nikaenda kwa mama mdogo.

Nilimkuta kwenye cherehani. Shikamoo, marahaba. Nikamweleza yote, tangu samani mpaka laki mbili yangu. Hakusimamisha cherehani. Alimaliza mshono, akakata uzi kwa meno, akaniangalia.

"Ulimtumia?"

"Nikafuta mama, kabla hajaona."

"Sijakuuliza kama ulifuta."

Nikasema ndiyo, nilimtumia. Akanyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilisikia redio ya jirani tangazo zima la sabuni. Halafu akasema jambo hili siyo lake peke yake, akawaita wenzake. Jioni ile kukawa na kikao barazani, mimi nimekaa kwenye ndoo nimeinamisha kichwa.

Sasa hapa ndipo nilipochanganyikiwa. Nilidhani watanirukia kwa hasira. Badala yake walianza kuijadili ile laki tano! Watatu waliitaka. Mmoja ana mtoto anayehitaji kupasuliwa tonsili, akasema waziwazi, "Tumekaa mwaka mzima na hicho cheti cha kikundi, hakijatuletea hata unga. Kama kuna mtu anakitaka kwa laki tano, mimi nataka laki moja yangu leo." Na huwezi kumlaumu. Nani kati yetu hajawahi kuwaza hivyo?

Yule bibi alikuwa kimya muda wote. Mwishoni akaniuliza mimi, siyo wenzake. "Mjukuu wangu, hizo samani zikija mbovu, wataitwa nani?"

Nikamwambia mtaitwa nyinyi. Mkataba ni wa kikundi.

"Na wakitufungia?"

Nikamwambia hilo lipo. Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma ina uwezo wa kumfungia mzabuni asishiriki zabuni za umma. Na huyo jamaa angebaki na kampuni yake safi kabisa, kwa sababu jina lake halipo popote.

Bibi akasema, "Basi anatuazima majina yetu kama mtu anavyoazima sufuria, ila sufuria likitoboka ni letu." Wakapiga kura tena. Wanne wakakataa. Yule mwenye mtoto mgonjwa hakubadilisha, na mpaka leo tukikutana ananisalimia kwa juu juu tu.

Kabla sijaondoka mama mdogo akaniomba simu. Akasema anataka akaunti iwe na namba yake na barua pepe yake. Nikamwambia huna barua pepe. Akasema, "Si unajua kutengeneza?" Nikamtengenezea palepale. Akamchagua yule mdogo wa kikundi awe anaingia, nikamfundisha wiki nzima kwenye kompyuta yangu, kila jioni baada ya kufunga duka. Mwanzoni aliogopa hata kushika mausi. Wiki ya pili alikuwa ananikosoa.

Jamaa nilimjibu kwamba wamekataa. Hakunitukana. Alisema tu, "Hamtaki maendeleo," na simu zikapungua, zikapungua, mpaka zikaisha. Wiki tatu nililia. Haya, tuendelee.

Miezi miwili baadaye binti wa kikundi akaona tangazo dogo la taasisi moja ya umma, wanataka mashuka 200 yenye nembo. Nawapa hesabu yote kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kutupa sisi.

Kitambaa cha shuka moja shilingi 10,000. Kushona 2,000. Uzi na lebo 700. Kuchapa nembo 500. Usafiri 300. Jumla 13,500. Tukaomba kwa 16,500 kila shuka, jumla milioni 3.3. Safari hii tulijaza kila kiboksi, tukatuma siku tatu kabla ya kufungwa, siyo usiku wa mwisho. Tukashinda. Mama mdogo alipiga vigelegele mpaka majirani wakajua kuna mtu kaolewa.

Furaha ikadumu siku moja. Kitambaa peke yake ni milioni 2, na vikorokoro laki tatu. Kikundi kina akiba ya milioni 1.2. Serikali hailipi kwanza, unaleta mzigo ndiyo unadai. Tukaenda Kariakoo kwa mfanyabiashara ambaye mama mdogo ananunua kwake miaka tisa, tukalipa laki tisa, kilichobaki milioni 1.1 akatupa mali kauli, tumlipe ndani ya siku 30. Hakuna karatasi tuliyosaini. Miaka tisa ya kununua na kulipa vizuri ndiyo ilikuwa dhamana.

Wakashona usiku na mchana. Siku 21 mzigo ukafika, ukahesabiwa, ukapokelewa, hakuna shuka lililorudishwa. Nikasema haya, tule hela.

Mwezi wa kwanza, "faili lipo mezani." Mwezi wa pili, "aliyetakiwa kusaini yuko safari." Mwezi wa tatu, "fungu halijaingia." Wa Kariakoo alituvumilia wiki tatu zaidi, baadaye akaanza kupiga simu, halafu akaacha kupiga, na hilo lilimuuma mama mdogo kuliko simu zenyewe. Akakopa milioni 1.1 VICOBA kwa riba ya asilimia 5 kwa mwezi, akamlipa. Yule mwenzao aliyetaka laki moja yake alikuwa anasema kila siku, "Si niliwaambia?" Na mimi sikuwa na jibu. Kuna usiku nilijilaza nikawaza, hivi nimewasaidia au nimewatia kwenye madeni?

Hela ilikuja mwezi wa nne baada ya kupeleka mzigo. Ikaja 3,234,000. Mama mdogo akanipigia analia, "Wametuibia elfu sitini na sita!" Ilibidi nimtulize. Hiyo ni kodi ya zuio, asilimia 2 kwa bidhaa unazoiuzia serikali. Wanakata kabla ya kukulipa. Hakuna aliyeiba, ni kodi ya mapato uliyotangulia kulipa, ila lazima udai hati yake uende nayo TRA ikahesabiwe. Sisi kwenye hesabu yetu hatukuiweka kabisa. Na hapo sijagusa mambo ya risiti za mashine, ambayo yenyewe ni mada nyingine ndefu.

Sasa pigeni hesabu na mimi. VICOBA ilichukua 1,265,000 pamoja na riba ya miezi mitatu. Akiba ya kikundi ikarudi, 1,200,000. Ikabaki 769,000 kwa watu watano. Kila mmoja 153,800, hiyo ni ufundi na faida vyote kwa pamoja, kwa wiki tatu za kushona na miezi minne ya presha.

Jamaa angewapa laki tano, yaani kila mmoja 100,000, wamekaa.

Tofauti ni 53,800. Nilikaa na hiyo namba kwenye kikokotoo nikaiangalia. Wale wanaosema "fuata njia sahihi Mungu atakubariki" huwa hawakwambii kwamba baraka inaweza kuwa elfu hamsini na tatu na mia nane, na inachelewa miezi minne.

Lakini kuna kitu kingine walipata ambacho sikukipa uzito siku ile. Barua. Ile taasisi ilipotulipa, binti aliomba barua inayosema kikundi kililetewa kazi ya mashuka 200 na kikamaliza kwa wakati na kwa ubora. Zabuni iliyofuata iliuliza, "Onyesha kazi kama hii uliyowahi kufanya." Kwa mara ya kwanza hatukuacha wazi. Hiyo tulishindwa kwa bei, sawa. Iliyofuata tukapata, na yule wa Kariakoo alitoa kitambaa kabla hatujamaliza kuomba. Kama wangetoa jina kwa jamaa, barua ingekuwa ya samani, na siku wakiitwa kuonyesha karakana ya samani wangeonyesha nini, cherehani?

Tangu hapo steshenari yangu imebadilika. Wanakuja mafundi seremala, wapishi wa semina, vijana wa usafi, wachomeleaji. Kuna kijana mmoja asiyeona vizuri anatengeneza sabuni za maji, yule ana kichwa cha biashara kuliko sisi wote. Sitozi zaidi ya hela ya kuchapa na kuskani. Na kwa sababu kuna watu watanifuata inbox kuuliza, naandika hapa mara moja nipumzike.

Kwanza, akaunti iwe kwenye simu yako na barua pepe yako. Anayekusajilia, hata awe ndugu wa damu, asikae na nywila. Mimi ni ndugu wa damu na mmeona.

Pili, hakikisha umechagua aina sahihi ya biashara kwenye mfumo. Ukikosea hapo utasubiri mpaka uzeeke.

Tatu, bei yako ibebe kusubiri. Jiulize, hela ikichelewa miezi minne nitakula nini na riba nitailipa na nini? Weka na ile asilimia 2. Sisi tungeomba 17,500 badala ya 16,500, riba yote ingelipika na chenji ingebaki. Pengine tungekosa, ndiyo, lakini ni afadhali kukosa kazi kuliko kuipata kwa bei inayokula akiba yenu.

Nne, anza na ndogo. Mashuka 200 yalitutoa jasho hivyo, fikiria tungepata 2,000.

Tano, siku unapopeleka mzigo usiondoke bila karatasi iliyosainiwa kwamba umepokelewa. Bila hiyo karatasi hujaleta kitu, umepita tu kusalimia.

Na kwa wale mnaokaa kwenye ofisi zinazolipa, najua mnasoma humu mkiwa kazini, acheni kuruka hii aya. Kumpa mama zabuni halafu ukamlipa baada ya miezi minne siyo kumsaidia, ni kumkopa. Na asiyekuwa na watu wa kumpa mali kauli miezi yote hiyo ndiye anayeishia kumuuzia jamaa wa Crown jina lake. Mnashangaa kwa nini zile asilimia 30 zinaishia kwa walewale?

Jamaa nilimwona mwezi uliopita pale Kariakoo, anateremsha viti kwenye Kirikuu, mwenyewe, shati limelowa. Crown sijaiona. Tukasalimiana vizuri tu. Akaniuliza, "Kile kikundi bado kipo?" Nikamwambia kipo. Akasema, "Siku hizi naomba zile za kawaida tu, nashindana na wakubwa, wananipiga." Nikataka kumwambia kitu, nikakosa cha kumwambia. Nikamsaidia kushusha kiti kimoja nikaenda zangu.

Mama mdogo mpaka leo hajawahi kulirudia lile jambo. Ila daftari langu la mauzo alilichukua, akachana ule ukurasa wa nyuma, akaukunja akauweka kwenye kile kikopo chake cha vifungo. Nikienda kwake naliona lile karatasi lina mwandiko mwekundu, na najua ameliacha hapo makusudi.

Haya wapendwa, nimetua mzigo. Nawauliza na nyie, bila unafiki: mngekuwa kwenye kile kikao barazani, mtoto anaumwa na laki moja iko mkononi, mngenyoosha kidole upande gani? Na kuna aliyewahi kuazimwa jina la kampuni au kikundi? Iliishaje? Semeni hapo chini, majina wekeni kapuni kama mimi.